Daftari la Usingizi wa Bosi

Kila siku, saa kumi na nusu alfajiri, trei ya kwanza ya mikate ilitoka kwenye tanuri na kutua juu ya meza ya chuma. Kang'! Ukihesabu moja, mbili, tatu, ndani ya nyumba Bosi anafumbua macho. Ukifika tano, amesimama kitandani mwake, ameshika mbao kwa mikono miwili. Ukifika saba, mtaa mzima unajua kwamba Bosi ameamka.

Bosi mwenyewe alikuwa mtoto wa kike wa miezi kumi, mwenye meno manne na sauti ya king'ora. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu akitaka kitu, watu wazima wote wanasimama. Dada yake, aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka mpaka kope zilimuuma.

"Bosi, lala," alisema dada mtu, shuka likiwa limemfunika mpaka kichwani. "Nakuomba. Hata kuku bado wamelala."

"Dah! Dah! Daaah!" Bosi alijibu, akakitikisa kitanda chake kama mtu aliyefungiwa geti.

Nyumba hii ilikuwa ya waokaji. Mama alioka mikate kwenye banda la uani. Baba alimsaidia kukanda unga, kisha akaisambaza mikate madukani kwa baiskeli kabla hakujapambazuka vizuri. Wote wawili waliamka saa tisa za usiku. Kwao saa kumi na nusu ilikuwa katikati ya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu mtoto kuwa macho saa hiyo. Baba aliingia chumbani na unga mpaka kwenye nyusi, anacheka, anamwekea Bosi mkononi kipande laini cha mkate kilichopoa kidogo.

"Mfanyakazi wangu ameripoti!" anasema. "Umeamkaje, Bosi wangu?"

Halafu huyo, anarudi zake kwenye tanuri. Anamwachia binti yake mtoto aliyechangamka kama ni saa sita mchana, taa kubwa ya uani ikimulika dirishani, na saa mbili na nusu nzima za kukodoa macho kabla ya shule.

Shuleni binti huyo aliitwa Kufuli. Alikuwa kipa wa timu ya mpira ya wasichana, na jina hilo alilipata mwaka uliopita, timu ilipocheza mechi saba bila mpira hata mmoja kuingia golini. "Goli lina kufuli!" watazamaji walipiga kelele, na jina likamganda. Alilipenda kuliko jina lake la kwenye rejesta. Na sasa nusu fainali ya shule zote ilikuwa imebaki wiki tatu na nusu.

Jumanne moja, mazoezini, mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Kufuli akaegemea mlingoti wa goli apumzike kidogo tu, kidogo sana. Alichosikia baadaye ni filimbi na vicheko. Mpira ulikuwa umetulia wavuni nyuma yake, na yeye hakuuona hata ukipita.

"Kufuli limeshika kutu!" alipiga kelele msichana mmoja wa safu ya mbele.

"Mwacheni," alisema Twiga, kipa wa akiba, msichana mwenye miguu mirefu na maneno ya polepole. "Anaota anadaka penalti. Mtamharibia."

Mwalimu wa michezo hakucheka. Alimwita pembeni.

"Hii ni mara ya tatu. Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Ni mdogo wangu. Anaamka saa kumi na nusu."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwalimu. Hata Jumapili! Yaani hata siku ya mapumziko hajui!"

Mwalimu aliizungusha filimbi kidoleni. "Nakuonea huruma, kweli kabisa. Lakini goli haliwezi kulindwa na mtu aliyelala. Usipobadilika, nusu fainali atadaka Twiga."

Kufuli aliitikia kwa kichwa. Kisha akageuka kuangalia kando ya uzio, kwenye kivuli, mahali alipoegesha kigari cha mtoto. Ndani yake Bosi alikuwa macho kodo, anampigia makofi kila anayekimbia.

Mwalimu alidhani mtoto yule ameletwa pale kwa ruhusa ya nyumbani. Wapi! Wazazi wa Kufuli walilala mchana, kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi na moja, kwa sababu usiku wao ulikuwa mfupi. Kazi ya Kufuli ilikuwa moja: atoke shule, amlaze Bosi chumbani, akae naye nyumbani mpaka mama aamke. Mazoezi aliruhusiwa Jumamosi tu. Sasa jamani, kipa gani anafanya mazoezi siku moja kwa wiki? Kwa hiyo kila siku, baba akishaanza kukoroma, Kufuli alimtia Bosi kwenye kigari, akafungua geti polepole, na safari ya uwanjani ikaanza.

Uwanjani Bosi hakulala hata dakika moja. Nani angelala na kelele zile? Alisinzia njiani wakati wa kurudi, kichwa kikiyumba huku na huku, akaingizwa kitandani haraka haraka. Mama alipoamka alimkuta amelala fofofo, akafurahi, akaenda bandani kupima unga wa kesho mpaka giza likaingia. Bosi aliendelea kulala mpaka saa moja jioni. Wazazi walipokwenda kulala saa mbili usiku, Bosi ndiyo kwanza alikuwa na nguvu mpya. Kufuli alimchezesha kwa kunong'ona mpaka saa nne.

Hayo yote aliyajua mtu mmoja tu katika nyumba ile, na mtu huyo alikuwa hasemi.

* * *

Mama naye aliona binti yake anavyokwisha. Asubuhi moja alimkuta mezani kijiko kikiwa mdomoni, macho yamefumba, chai inapoa.

"Hapana," mama alisema. "Hii siyo kawaida. Leo ukitoka shule tunakwenda kliniki, sote watatu."

Nesi wa kliniki ya watoto alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mikubwa na vidole vyepesi. Alimpima Bosi kilo, akamwangalia masikio, akapitisha kidole kwenye ufizi. Bosi akamng'ata.

"Meno yako sawa, nimeyasikia," nesi alisema, akikung'uta kidole. "Masikio mazima, kilo nzuri. Sasa sikiliza, mama. Umri huu wengi huamka saa kumi na mbili, saa moja. Wengine wanatangulia kidogo, ndivyo walivyo. Lakini saa kumi na nusu bado ni usiku. Lazima kuna kitu kinachomwamsha, au kuna kitu hakiendi sawa kwenye usingizi wake wa siku nzima. Mchana anakaa na nani?"

"Na mimi," alisema Kufuli.

"Basi wewe ndiye katibu." Nesi alifungua droo, akatoa daftari jembamba. "Kwa wiki moja uniandikie humu kila kitu. Kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kalala wapi. Mchana na usiku. Mimi siishi kwenu, mwanangu. Humu ndimo nitakapoona."

Kufuli alilipokea kwa mikono miwili. Jioni hiyo alilipiga mistari kwa rula, akaandika vichwa vya safu kwa kalamu nyekundu. Halafu akakaa, kalamu hewani. Akiandika "uwanjani", mama atasoma. Mama akisoma, uwanja kwaheri. Akafikiri kidogo, akainama, akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika:

Mchana: amelala saa tisa, chumbani. Ameamka saa kumi na moja na nusu. Usiku: amelala saa mbili kamili. Ameamka saa kumi na nusu.

Saa kumi na nusu peke yake ndiyo iliyokuwa kweli. Siku ya pili aliandika hivyo hivyo, na siku ya tatu ilikuwa rahisi zaidi, mkono ulikwenda wenyewe.

Wiki ilipokwisha, nesi alilipitia daftari huku akitikisa kichwa kwa furaha. "Angalia mwandiko huu! Madaktari wetu wangeandika hivi tungepumzika. Haya, nimeona. Mama, mtoto wako mchana analala sana. Saa moja na nusu asubuhi na wewe, kisha saa mbili na nusu alasiri. Ndiyo maana usiku unamwishia mapema. Alasiri mpunguzie, isizidi saa moja. Na usiku mcheleweshe kidogo, saa mbili na nusu hivi."

"Kumbe ni hivyo tu!" alisema mama, na njia nzima alikuwa anatabasamu.

Ushauri ule ulikuwa mzuri. Mama alianza siku hiyo hiyo. Kila alipoamka saa kumi na moja, alimwinua Bosi kitandani, kwa sababu daftari lilisema ameshalala vya kutosha. Kumbe maskini wa watu ndiyo kwanza amelala dakika kumi! Bosi alilia. Alilia akiwa mgongoni, alilia akiwa chini, alilia mbele ya kijiko cha chakula, akakitupa kijiko na bakuli pamoja. Usiku, wazazi wakishalala, kwa uchovu alikuwa kama mtu aliyepandwa na wazimu: anacheka, analia, anajinyonganyonga kama samaki. Alilala kwa shida saa nne na nusu, ingawa daftarini Kufuli aliandika saa mbili na nusu. Na akaamka saa ngapi? Saa kumi kamili! Trei ya kwanza ilikuwa bado tanurini.

Siku ya tano ya maisha hayo, hakuna aliyekuwa na hali nzuri pale nyumbani. Mama alisahau trei moja tanurini, mikate yote ikatoka myeusi kama makaa. Baba alitikisa kichwa, mama akamwambia asitikise kichwa, baba akasema hajasema neno, mama akasema hicho kichwa chake kinasema peke yake. Na Bosi katikati yao, kwenye sakafu, anapiga sufuria kwa mwiko.

"Nyamaza!" Kufuli alimfokea mdogo wake. "Nyamaza, nyamaza, nyamaza! Kwa nini hulali kama watoto wenzako?"

Bosi alinyamaza kwa mshangao. Mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka. Kilio kilichofuata kilikuwa cha kuumizwa moyo, na Kufuli akatamani ardhi immeze.

Mama alivua aproni. "Mwanangu, njoo. Kuanzia kesho hakuna mpira, hata Jumamosi. Siyo adhabu. Unasinzia wima. Ukipigwa mpira wa uso huku umelala, nitajieleza vipi? Tena kesho tunarudi kliniki. Kuna kitu hakiko sawa na huyu mtoto."

Nusu fainali ilikuwa imebaki siku nane.

* * *

Safari hii nesi hakutabasamu. Alimpima Bosi kilo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini.

"Amepungua," alisema. Akafungua daftari, akasoma, akarudia. "Hesabu hii haiji. Mtoto analala vizuri alasiri, analala saa mbili na nusu usiku, halafu anaamka saa kumi, anashinda analia, na uzito unashuka?" Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, sitaki kukutisha. Lakini kama haya yaliyoandikwa humu ndivyo yalivyo, basi kuna jambo ndani ya mwili ambalo mimi hapa siwezi kuliona. Nitakuandikia barua mwende hospitali kubwa. Watamtoa damu, wampime. Huenda wakamlaza siku mbili tatu."

"Damu?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo ghafla. "Kamkono kenyewe kale?"

"Wamezoea, mama. Lakini lazima tujue."

Mama alimvuta Bosi kifuani, akamkumbatia. Mikono yake ilikuwa na alama za tanuri, zile za zamani na moja mpya ya wiki hii. Bosi, ambaye hakuelewa chochote, alikuwa anavuta kitambulisho cha nesi na kukiongelesha. Nesi alichukua karatasi. Akabonyeza kalamu.

Kufuli aliitazama kalamu ile. Kusema ni neno moja tu. Lakini akishasema, hakuna tena mlango wa kutokea: mama atajua kuhusu geti, kuhusu barabara, kuhusu saa nne za usiku. Nusu fainali itakwenda. Pengine na fainali. Pengine mpira wenyewe utakwenda. Akiendelea kunyamaza, hospitali watapima, hawataona kitu, Bosi atarudi nyumbani, yataisha. Ni sindano tu. Ni sindano moja tu.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Nesi, usiandike."

Watu wazima wawili wakageuka.

"Mtoto haumwi," Kufuli alisema, na machozi yakaja kabla ya maneno. "Daftari ndilo la uongo. Nimeandika uongo mimi. Alasiri huwa halali saa tisa. Huwa nampeleka uwanjani, mama. Kila siku. Analala tukirudi, saa kumi na moja. Na usiku analala saa nne, siku nyingine saa nne na nusu. Saa mbili huwa halali. Hajawahi kulala saa mbili."

Nje, mtu alikuwa anaita namba za foleni.

"Uwanjani?" mama alisema taratibu. "Umevuka barabara kuu na mtoto, kila siku, mimi nimelala ndani najua mko chumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Na juzi nilipomwamsha akalia mpaka akatapika, ulikuwa umesimama pale pale. Ulijua?"

Kufuli aliinamisha kichwa. Mama alikaza midomo, akatazama ukutani.

Nesi aliiweka kalamu chini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Unajua ulichonifanyia, mwanangu? Wiki iliyopita nilimtibu mtoto mmoja, nikamtibu vizuri sana. Mtoto wa kwenye daftari. Analala alasiri saa mbili na nusu, nikampunguzia. Tatizo ni kwamba mtoto huyo hayupo. Aliyepo ni huyu, na usingizi wenyewe hakuwa nao, mimi nikamnyang'anya hata ule kidogo aliobaki nao. Ushauri wangu haukuwa na kosa. Ulimkuta mtu asiyekuwa wake."

Bosi alipiga chafya. Nesi akampangusa pua, akavuta kiti karibu.

"Haya. Sasa nianzieni mwanzo, na safari hii nataka ukweli wote, hata ule wenye aibu. Mtoto akichoka kupita kiasi, usingizi haumkai. Watu wanadhani ukimchosha sana atalala mpaka jua lichomoze. Thubutu! Unakatika mapema zaidi. Hiyo nimeshaielewa. Lakini kwa nini saa kumi na nusu hasa? Saa hiyo kwenu kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema mama. "Ndiyo tunatoa trei ya kwanza."

"Inatoa mlio?"

"Ni chuma juu ya chuma, nesi."

"Na taa?"

"Ya bandani. Lazima tuone tunachofanya. Inaangalia dirisha lao kidogo."

"Siyo kidogo, mama," alisema Kufuli. "Mimi naweza kusoma kitabu."

"Halafu akishaamka?"

Mama akasita. "Halafu baba yake anamletea kipande cha mkate. Ni mazoea yao."

Nesi aliwatazama, kisha akaangua kicheko, akashindwa kujizuia. "Jamani! Mnampigia kengele, mnamwashia taa, mnamlipa na mkate! Angelala vipi? Huyo hajaamka mapema, huyo anawahi kazini!"

* * *

Walirudi nyumbani na daftari jipya na maagizo ya nesi ya wiki mbili. Baba alisikiliza yote akiwa amekaa juu ya gunia la unga. Aliposikia habari za barabara kuu alimtazama binti yake, akatikisa kichwa. Aliposikia habari za mkate, akashika kifua.

"Kwa hiyo mimi ndiye mhalifu? Mimi na mkate wangu?"

"Wewe ni mmoja wao," alisema mama. Kisha akamgeukia Kufuli. "Na wewe, nusu fainali husimami golini. Utakwenda kumweleza mwalimu mwenyewe, kwa mdomo wako, na umwambie sababu. Wiki nzima hakuna uwanja. Hilo nimemaliza. Sasa niambie: kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa, mama."

"Pengine ningekataa siku ya kwanza. Ya pili tungezungumza. Baba yako hana haja ya kulala mpaka saa kumi na moja. Kuanzia saa tisa na nusu anakoroma kwa starehe tu."

"Jamani, na mimi nipo hapa," alisema baba.

Kazi ilianza kesho yake. Mama alifumua magunia matatu mazito, akayashona pamoja, akayatundika dirishani mpaka chumba kikawa giza totoro. Juu ya meza ya chuma walitandika blanketi kuukuu, trei zikawa zinatua kimya. Bosi alilazwa alasiri saa nane mara tu Kufuli alipotoka shule, akaamshwa kabla ya saa kumi, na usiku saa moja na nusu alikuwa ameshaoga na kulala. Akiamka kabla ya saa kumi na mbili, hakuna taa, hakuna mazungumzo, hakuna mkate. Dada anakaa karibu, anampigapiga mgongoni, basi.

Ungedhani Bosi angeshukuru. Alikasirika! Alfajiri ya kwanza aliamka saa kumi na nusu vile vile, akangoja mkate wake, na mkate haukuja. Daftari jipya halikuwa na mistari ya rula wala kalamu nyekundu. Lilikuwa na madoa, na liliandikwa gizani, lakini lilisema hivi:

Saa kumi na dakika thelathini na mbili. Amelia dakika ishirini na tano. Baba alitaka kuleta mkate, mama amemkamata mlangoni. Nilimwambia Bosi "lala" kwa ukali mara moja. Amelala tena saa kumi na moja na robo.

Siku ya pili, vile vile. Siku ya tatu ilikuwa mbaya kuliko ya pili, na Kufuli alitaka kulitupa daftari chini ya tanuri. "Haifanyi kazi!" alimwambia mama, karibu kulia. "Tumefanya kila kitu, haifanyi kazi!"

"Nesi alisema wiki mbili," mama alijibu. "Wewe umefanya siku tatu. Andika."

Siku ya tano, saa kumi na dakika hamsini. Siku ya sita, saa kumi na moja kasoro. Siku ya saba Kufuli alikuwa kwenye benchi, ameshika chupa za maji za wenzake. Twiga alidaka nusu fainali. Alidaka vizuri pia, akafungwa moja, timu ikafunga mbili. Kufuli alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

"Ulinijia ukanieleza mwenyewe, na hilo nimelihifadhi," mwalimu alimwambia mechi ilipokwisha. "Lakini nafasi ya kipa sasa haina mwenyewe. Jumatatu uje mazoezini na Twiga. Nitaangalia nani yuko macho."

Baba ndiye aliyejitolea kukatisha usingizi wake. Kila siku ya mazoezi, saa tisa na nusu aliamka akipiga miayo kama kiboko, akamwinua Bosi, akakaa naye barazani. Kufuli alikwenda uwanjani mikono mitupu, bila kigari, bila kuangalia nyuma ya uzio kila dakika. Hakujua mpaka siku hiyo jinsi kile kigari kilivyokuwa kizito.

Na Bosi? Siku ya kumi na moja, saa kumi na moja na nusu. Siku ya kumi na nne Kufuli alishtuka kutoka usingizini, chumba kimya, akaruka kitandani akidhani kuna jambo baya. Akainama juu ya mbao, akasikiliza. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono juu, anapumua taratibu. Nje, trei zilikuwa zimeshatoka zote na baba amekwenda zake na baiskeli. Bosi alifumbua macho saa kumi na mbili na dakika tano, akamwona dada yake, akacheka. Ndipo mkate ukaja.

Fainali alidaka Kufuli. Mwalimu aliamua siku mbili kabla, baada ya kumpigia mipira arobaini, na Twiga mwenyewe akasema, "Mpe tu, mwalimu, leo huyu ana macho manne." Timu ilishinda moja bila. Baba, aliyekuja kutazama saa ambazo kwa kawaida huwa kitandani, alilala kwenye jukwaa dakika ya kumi na hakuliona bao.

Wakirudi nyumbani mama alimbeba Bosi, na Kufuli alitembea kando yake akiwa na vumbi mpaka masikioni. Walipofika penye barabara kuu wakasimama kungoja magari yapite.

"Umecheza vizuri," mama alisema. "Lakini nitakuambia siku niliyokuona mkubwa. Ni pale kliniki, uliposema usiandike. Sikukuambia, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ulikuwa umeistahili."

"Nilichelewa kusema, mama."

"Ulichelewa. Mdogo wako alilipa wiki mbili za kuchelewa kwako, usisahau. Sikiliza, mwanangu. Kuna vitu katika nyumba ambavyo mtu mmoja tu anaviona. Mimi nimelala, baba yako amelala, nesi yuko mbali. Saa hiyo wewe ndiye macho yetu sote. Ukituambia unachokiona, hata kama ni kibaya, hata kama umekosea wewe, tutakaa tutengeneze. Ukituambia usichokiona, tutatengeneza kitu ambacho hakijaharibika, na kilichoharibika kitaendelea kuumia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Magari yalikwisha. Mama alimwangalia kidogo, kisha akamtoa Bosi mgongoni na kumkabidhi.

"Mshike vizuri," alisema. "Tuvuke."